Mzee Reese: baba wa watoto 16 aliyeanzia chini ya nyumba

Najua wengi wenu mmelipia nusu saa tu hapo kafe na nusu yake mshaimaliza kusoma barua pepe, kwa hiyo sitazunguka sana. Leo naweka pembeni siasa na mpira. Nataka kuongea habari za chokoleti. Msicheke kwanza, ngojeni.

Ilikuwa hivi. Binamu yangu mmoja aliyeko Marekani alimpa mtu mzigo atuletee nyumbani. Ndani kulikuwa na fulana, viatu vya mdogo wangu na vipande kadhaa vya chokoleti ndefu iliyoandikwa Reese's Fast Break. Kwa joto la Dar ilikuwa imeshakuwa uji, ikabidi niipeleke kwa Mangi wa pale mtaani aniwekee kwenye friji la soda mpaka ishikane tena. Jioni nikaionja. Nje chokoleti ya maziwa, ndani kuna siagi ya karanga, na chini yake kitu laini cheupecheupe kinachovutika, wenyewe wanakiita nugati. Hicho ni sukari na ute wa yai vilivyopigwa pamoja mpaka vikajaa hewa, kama povu lililoganda. Karanga nikazitambua mara moja. Sisi watu wa kashata hatudanganywi kwenye karanga.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, kila kitu nikikiona lazima nijue kimetoka wapi. Nikajiuliza, huyu Reese ndiye nani? Nilidhani ni jina tu la kiwanda, kumbe ni mtu. Na alikuwa mtu mwenye mikosi ya kazi kuliko hata mimi, ambaye tangu nimalize kidato cha nne nabangaiza tu. Nikatumia siku kadhaa kumsoma. Haya, twende pamoja.

Jina lake kamili ni Harry Burnett Reese. Alizaliwa tarehe 24 Mei 1879 katika kaunti ya York, jimbo la Pennsylvania, mashariki ya Marekani. Ni sehemu ya mashamba ile, na wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1900, akiwa na miaka 21 au karibu yake, alimuoa binti aliyeitwa Blanche Edna Hyson. Wakaanza kuzaa. Wadau, walizaa kweli kweli! Mpaka wanafunga mahesabu walikuwa wamepata watoto 16, wa kiume wanane na wa kike wanane. Hiyo ni timu ya mpira na wachezaji watano wa akiba.

Mkumbuke hiyo namba 16 kila mnapoendelea kusoma, maana bila hiyo huwezi kumuelewa huyu mzee. Mtu mwenye tumbo moja la kulisha anaweza kukataa kazi ya hovyo. Mwenye kumi na nane, ukijumlisha na yeye na mkewe, hana ubavu huo. Kwa hiyo Reese alishika kila kilichokuja mbele yake. Alilima, alifanya kazi viwandani, hata shughuli za uvuvi alizisimamia. Miaka ikaenda, watoto wakaongezeka, na yeye hana kitu anachoweza kusema hiki ni changu.

Karibu mwaka 1917 ndipo akaona tangazo la kazi. Milton Hershey alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia shamba lake mojawapo la ng'ombe wa maziwa. Hapa lazima nisimame kidogo niwaambie Hershey alikuwa nani, kwa sababu maisha ya Reese yote yaliyofuata yalipita chini ya kivuli cha huyu bwana mkubwa.

Milton Hershey alizaliwa mwaka 1857 palepale Pennsylvania. Shule hakuimaliza. Alijifunza kutengeneza peremende akiwa kijana, akafungua duka Philadelphia mwaka 1876, likafa mwaka 1882. Akaenda New York kujaribu tena, nako mwaka 1886 akafunga virago akiwa hana kitu. Akarudi kwao Lancaster, akaanza kupika peremende laini za maziwa, hizo ndizo zikamtoa. Mwaka 1893 alikwenda kwenye maonyesho makubwa ya dunia Chicago, akaona mashine za Wajerumani za kutengenezea chokoleti, akazinunua. Mwaka 1900 akauza biashara yote ya peremende kwa dola milioni 1, pesa ambayo kwa wakati ule ilikuwa balaa, akabaki na chokoleti peke yake. Watu walimshangaa. Chokoleti ya maziwa wakati huo ilikuwa kitu cha matajiri, ikitoka Uswisi. Yeye akasema ataitengeneza kwa bei ya mtu wa kawaida, na akafanya hivyo.

Kiwanda chake alikijenga porini katikati ya mashamba ya ng'ombe, karibu na alipozaliwa, halafu kuzunguka kiwanda akajenga mji mzima. Nyumba, shule, bustani, usafiri wa reli ya mjini. Mji ukaitwa Hershey. Barabara kuu mbili zikaitwa Chocolate na Cocoa, na nyingine akazipa majina ya sehemu zinakotoka kakao duniani, kama Caracas, Java, Trinidad na Granada. Kwa hiyo ukiishi pale unaamka kwenye mji wa Hershey, unafanya kazi ya Hershey na unanunua kwenye duka la Hershey. Sijui kama mimi ningependa kuishi hivyo, lakini kwa mtu mwenye watoto wengi na mfuko uliotoboka, mji ule ulikuwa kama peponi.

Kitu kimoja ambacho Hershey hakukipata ni mtoto. Yeye na mkewe Catherine walioana mwaka 1898 na hawakujaliwa. Mwaka 1909 wakaanzisha shule ya watoto wa kiume yatima. Mkewe akafariki mwaka 1915, na mwaka 1918 mzee akaikabidhi shule ile karibu utajiri wake wote, hisa za kampuni zenye thamani ya dola milioni 60 hivi. Hebu waoneni hawa watu wawili. Mmoja ana mji mzima na hana mtoto wa kumrithisha. Mwingine ana watoto wa kujaza daladala na hana cha kuwarithisha. Na huyu wa pili ndiye anaamka alfajiri kusimamia ng'ombe wa yule wa kwanza.

Reese alifanya vizuri shambani mpaka akapewa kazi kubwa zaidi, kusimamia shamba lenye banda la aina mpya. Banda lenyewe lilijengwa kwa umbo la duara, la majaribio, kuona kama ng'ombe wengi wanaweza kuhudumiwa kwa urahisi. Lilikuwa banda la maajabu kwa wakati wake, lakini gharama zake zilikuwa kubwa kuliko faida. Bosi akapiga hesabu akalifunga. Reese akapigwa chini.

Hapo sasa. Mtu wa miaka 40, baba wa ukoo mzima, hana kazi. Lakini muda wote aliokuwa pale alikuwa na macho. Alikuwa ameona jinsi mji mzima ulivyojengwa kwa kitu kidogo kitamu kinachofungwa kwenye karatasi. Akajiambia kama Hershey ameweza na yeye atajaribu. Akaenda mji wa jirani unaoitwa Hummelstown akafungua kakampuni kake ka peremende, akitengeneza vitu kama lozi na zabibu kavu zilizochovywa kwenye chokoleti.

Haikukaa. Baadaye akajaribu tena kwa mtaji wa watu wengine, nayo haikukaa. Ikafika mahali akaacha kabisa mambo ya peremende, akahama na familia kwenda Spring Grove, kule kaunti ya York alikotokea, kufanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi.

Nilipofika hapa nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Maana hii sehemu naijua. Unaondoka nyumbani kwa mbwembwe, unaaga watu kwamba unakwenda kutafuta maisha, halafu unarudi na begi lilelile. Majirani wanakusalimia vizuri lakini unaona kabisa wanahesabu. Mimi nilirudi hivyo kutoka mkoani baada ya dili moja la kuuza simu kuyeyuka, na sikuwa hata na mtoto. Yeye alirudi na kundi.

Kilichomwokoa ni upande wa mke. Baba mkwe wake aliisaidia familia kupata nyumba mjini Hershey, na mwaka 1921 Reese akarudi kule, safari hii kuajiriwa ndani ya kiwanda cha chokoleti chenyewe, kwenye idara ya kupakia na kusafirisha bidhaa. Yaani kazi ya maboksi. Na jioni akitoka kazini alikuwa na kibarua cha pili nyumbani. Nyumba za kule nyingi zina chumba kilichochimbwa chini ya sakafu, wanahifadhia makaa na vyakula. Reese akakigeuza chumba hicho kuwa jiko la peremende. Mkewe na watoto wakawa ndio wafanyakazi.

Nawaza hiyo nyumba ilivyokuwa ikinukia usiku. Na nawaza mama Blanche, ambaye maandishi mengi humtaja kwa mstari mmoja tu kwamba alikuwa mke na alizaa. Watoto 16, na bado sufuria za sukari jikoni! Kama kuna mtu alistahili jina lake kwenye karatasi ya chokoleti ni yule mama.

Mwaka 1923 Reese akaona anaweza kusimama mwenyewe. Akaacha kazi kiwandani na kusajili kampuni yake, H. B. Reese Candy Company. Alikuwa na miaka 44. Nairudia kwa ajili ya jamaa zangu wa kijiweni ambao wana miaka 22 na wanasema wamechelewa. Arobaini na nne.

Bidhaa zake za mwanzo alizipa majina ya watoto wake. Kulikuwa na Johnny Bar na Lizzie Bar, vipande vilivyotengenezwa kwa nazi na molasesi, ile asali nyeusi inayobaki sukari ikishakamuliwa. Nadhani hapo nasi tungekula bila kuuliza. Zikauzika. Akaongeza aina nyingine nyingi, tende zilizochovywa, matunda, krimu, akizitembeza kwa wenye maduka. Mwaka 1926 akatoka chini ya nyumba na kujenga kiwanda, na mtaa wenyewe ulikuwa Caracas Avenue, mojawapo ya zile barabara zilizopewa majina na bosi wake wa zamani.

Hapa kuna jambo ambalo mimi lilinishangaza kuliko yote. Chokoleti aliyokuwa anachovya vitu vyake Reese hakuitengeneza yeye. Aliinunua kwa Hershey. Na Hershey hakumfukuza mjini kama mshindani, kwa sababu kila pipi aliyouza Reese ilikuwa pia ni chokoleti ya Hershey iliyouzwa. Huo ndio ulikuwa ujanja wa Hershey kwa muda mrefu. Hata mshindani wake mkubwa, Frank Mars, ambaye miaka ya 1920 alitoka na Milky Way na mwaka 1930 akaleta Snickers, alikuwa akinunua chokoleti ya kufunikia kutoka Hershey. Mars aliingia sokoni kwa ile nugati. Nugati ni rahisi kutengeneza na ina hewa nyingi, kwa hiyo kipande kinaonekana kikubwa kwa bei ileile, mnunuzi anaona amepewa kingi. Mars na nugati yake, Reese na karanga zake, na Hershey katikati anawauzia wote wawili koti la kuvaa. Miaka ilivyokwenda, Reese akawa mmoja wa wateja wake wakubwa kabisa.

Karanga zilikuja mwaka 1928. Kabla sijaendelea, niondoe uzushi mmoja. Kuna watu wanasema siagi ya karanga iligunduliwa na George Washington Carver, yule mwanasayansi mweusi aliyezaliwa utumwani na kufundisha Tuskegee. Namheshimu sana yule mzee, aliandika mwaka 1916 kijitabu cha njia zaidi ya 100 za kuandaa karanga na aliwasaidia mno wakulima weusi wa kusini. Lakini siagi ya karanga hakuigundua yeye. Huko Montreal, Kanada, mtu aitwaye Marcellus Edson alishapewa hataza ya uji wa karanga mwaka 1884, na daktari John Harvey Kellogg, yule wa familia ya nafaka za asubuhi, akafuatia miaka ya 1890. Na tukisema ukweli zaidi, watu wa Amerika ya Kusini walikuwa wakisaga karanga karne nyingi kabla ya hapo. Hata Reese hakuwa wa kwanza kufunika siagi ya karanga kwa chokoleti. Alichofanya yeye ni kuipatia.

Aliiweka kwenye kikombe kidogo cha karatasi chenye mikunjo, chokoleti chini, siagi ya karanga katikati, chokoleti juu. Mwanzoni vikombe hivyo vilikuwa ndani ya maboksi ya mchanganyiko, pamoja na peremende nyingine. Wateja wakawa wanachagua vikombe kwanza na kuacha vingine. Ikabidi aviuze peke yake, kila kimoja kwa senti 1. Watu wakavipa jina hilohilo, vikombe vya senti.

Kwa nini ilikubalika hivyo? Mimi nina maelezo yangu. Chokoleti ya maziwa ni tamu mno, ukila nyingi unachoka. Siagi yake ya karanga ilikuwa na chumvi kidogo na ukavu fulani, inakauka mdomoni, na ukavu huo unaidai chokoleti nyingine. Unakata utamu kwa chumvi halafu unatamani utamu tena. Mama zetu wanaotia chumvi kidogo kwenye maandazi wanajua siri hiyo.

Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaporomoka. Mabenki yakafunga milango, mamilioni wakakosa kazi. Biashara nyingi zikafa, lakini kitu cha senti 1 kilipona. Mtu aliyekosa pesa ya nyama anaweza bado kuwa na senti ya kumpa mwanawe. Kiwanda cha Caracas Avenue kikaendelea kutoa moshi.

Kisha ikaja vita kuu ya pili, na hiyo ndiyo ilimlazimisha Reese kufanya uamuzi wa maisha yake. Marekani iliingia vitani Desemba 1941, na mwaka 1942 serikali ikaanza kugawa sukari kwa mgawo. Kwa mtengeneza peremende, kukosa sukari ni kama dereva kukosa mafuta. Reese akazitazama bidhaa zake zote. Johnny na Lizzie, tende, krimu, vyote vinakula sukari. Kikombe cha karanga kinakula kidogo, maana sehemu kubwa ya ndani ni karanga, na karanga zilikuwepo. Akazisimamisha nyingine zote akabaki na kikombe peke yake.

Fikirieni, wadau. Miaka karibu ishirini mtu amejenga rundo la bidhaa, mbili kati yake zina majina ya wanawe mwenyewe, halafu anazizima. Sidhani kama alizima kwa furaha. Lakini kilichobaki ndicho kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote alivyoviacha, na vita ilipoisha hakurudi nyuma. Milton Hershey alifariki mwezi Oktoba 1945 akiwa na miaka 88, na Reese akaendelea na kikombe chake katika mji ule wa marehemu.

Biashara ilikua kiasi kwamba kiwanda cha zamani kikawa kidogo, ukaanza ujenzi wa kipya kikubwa. Yeye hakuona kikifunguliwa. Alifariki tarehe 16 Mei 1956 huko West Palm Beach, Florida, siku nane tu kabla ya kutimiza miaka 77. Kiwanda kipya kilifunguliwa mwaka 1957.

Kampuni ikaenda kwa wanawe sita wa kiume. Na hapa naomba mnivumilie, nitasema kitu. Kulikuwa na mabinti wanane katika nyumba ile, na mmoja wao ndiye yule Lizzie wa kwenye karatasi. Umiliki ulikwenda kwa kaka zao. Najua ilikuwa mwaka 1956 na ndivyo dunia ilivyokuwa, na najua kwetu pia bado tunaburuzana mahakamani kwa mambo hayohayo. Lakini kama mikono ya watoto ndiyo ilianzisha jiko lile chini ya nyumba, sioni ni kwa kipimo gani mikono ya wasichana ilikuwa myepesi. Anayeona tofauti aje na hoja, asije na matusi.

Ndugu wale sita waliiendesha kampuni miaka saba. Tarehe 2 Julai 1963 wakaiunganisha na kampuni ya Hershey. Hawakuchukua pesa taslimu, walichukua hisa za Hershey, 666,316 kwa idadi, zenye thamani ya dola milioni 23.5 wakati huo. Yaani kampuni ya mtu aliyepigwa chini kwenye banda la ng'ombe ilinunuliwa na kampuni iliyompiga chini, na wanawe wakawa wenye hisa humohumo ndani. Na kwa kuwa mwenye sehemu kubwa ya Hershey ni ule mfuko wa shule, sehemu ya faida ya kikombe cha Mzee Reese ikawa inakwenda kusomesha watoto wasio na uwezo. Mtu mwenye watoto 16 akaishia kulisha na watoto wa wengine, bila hata kupanga.

Mwaka 1969, miaka sita tu baada ya kuungana, Reese's ilikuwa ndiyo bidhaa inayouzwa kuliko zote za Hershey. Mtoto wa kufikia akawapita wote wa nyumbani. Mpaka sasa ni moja ya chokoleti zinazouzwa zaidi Marekani nzima.

Wale wapenzi wa sinema kuna kipande chenu. Mwaka 1978 Hershey walitoa punje ndogo za rangi zenye siagi ya karanga ndani, Reese's Pieces. Mwaka 1982 Steven Spielberg alipotoa filamu ya E.T., ile ya kiumbe wa anga za mbali anayefichwa na mtoto, mtoto anamvuta kiumbe kwa kumwagia peremende njiani. Watayarishaji walitaka kutumia M&M's, kampuni ya Mars ikakataa, ndipo Hershey wakaichukua nafasi. Mliowahi kuiona kwenye banda la video mlikuwa mnaangalia karanga za Mzee Reese bila kujua. Mimi mwenyewe niliiona nikiwa darasa la sita na nilidhani ni vidonge.

Na ile iliyonianzishia safari hii, Fast Break, ilitoka mwaka 2001, miaka 45 baada ya mzee kufariki. Yeye hakuitengeneza na hakuota kuwa itakuwepo. Lakini itazameni ilivyopangwa. Chokoleti ya Hershey juu, karanga za Reese katikati, na chini yake nugati, silaha ileile aliyoingia nayo Frank Mars miaka ya 1920. Mabwana watatu waliokuwa wakiviziana wamelazwa kwenye karatasi moja.

Kuhusu ladha, maana najua mtauliza. Ni tamu, ila kwangu nugati imezidi kidogo, inakaa kwenye jino. Karanga ndiyo iliyonifanya nimalize. Mdogo wangu alimaliza yake kabla ya yangu na kuniangalia mkononi, nikamkatia nusu. Karatasi nimeibakiza, nimeibandika ukutani juu ya godoro, imeandikwa lile jina.

Kipande cha mwisho bado kiko kwenye friji la Mangi. Amesema nisipokifuata mpaka Jumamosi anakiuza. Muda wangu hapa kafe nao umebaki dakika tatu, naona saa imeanza kuwaka nyekundu pembeni. Wenye cha kuongeza kuhusu mzee huyu au kuhusu lile suala la mabinti wanane, uwanja ni wenu hapo chini. Nitapita kesho jioni kusoma nikipata nauli.